Kabla ya kugusa skrubu nne za mota ya stepa

Fundi aliyezoea feni na pampu za maji akipewa mota ya stepa, ile inayozunguka kwa hatua ndogo ndogo zilizohesabiwa, mkono unakwenda wenyewe kwenye bisibisi. Anafungua kifuniko, anachomoa rota (sehemu inayozunguka), anapuliza vumbi, anabadilisha beringi, anafunga. Kwa pampu, hiyo ni kazi halali kabisa. Rota ya pampu ni mabati ya chuma na alumini, haina sumaku. Unaweza kuiacha mezani wiki nzima, na siku ukiirudisha itazunguka kama zamani. Stepa haiko hivyo, na watu wengi wanaligundua hilo wakiwa wameshachelewa.

Mimi niligundua kwa mota ya mteja. Ana mashine ya CNC, yaani inayoongozwa na kompyuta, ya kuchonga milango pale Keko, Dar es Salaam, na mota moja, ya ukubwa wa NEMA 23, ilikuwa inanguruma na kutetemeka. Nikasema beringi. Nikafungua, nikachomoa rota, nikailaza juu ya gazeti karibu na jiwe la kunolea, nikaosha, nikaweka beringi mpya. Mota ikazunguka kimya, nikalipwa. Siku ya tatu akanipigia simu: maua ya mlango wa mninga yamehama, mchoro wa upande mmoja umeteleza kwa karibu milimita 6. Nilipokwenda na multimita, jambo ambalo ningelifanya siku ya kwanza, nilikuta waya mmoja umekatika ndani ya kebo, palepale inapojikunja kila mashine ikienda na kurudi. Nilipoitoa na kuirudisha mota mara ya kwanza, waya huo ulikuwa umegusana tena, basi. Nikabadilisha kebo. Mota bado ilikuwa dhaifu. Nililipa ubao wa mninga na mota mpya, kwa kosa ambalo halikuwa ndani ya mota hata kidogo.

Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu kazi ya kufanya mota ikiwa imefungwa. Kufungua kuko mwishoni, na ndiko kunakostahili kuwa.

Ndani kuna nini

Stepa ya kawaida ya printa ya 3D au CNC inagawanya mzunguko mmoja katika hatua 200, kila hatua digrii 1.8. Rota yake ina vikombe viwili vya chuma chenye meno, meno 50 kila kimoja, na kikombe kimoja kimesogezwa nusu jino kumpita mwenzake. Katikati ya vikombe hivyo imebanwa sumaku ya kudumu: kikombe kimoja kinakuwa kaskazini, kingine kusini. Nje yake ni stata, sehemu isiyozunguka, kwa kawaida yenye nguzo 8 zilizofungwa koili, nazo zina meno madogo kwenye nyuso zake.

Kati ya meno ya rota na meno ya stata kuna pengo la karibu milimita 0.05. Huo ni unene wa unywele mwembamba. Nguvu yote ya mota inapita hapo. Kiwandani tundu la stata na vifuniko hulinganishwa kwa uangalifu mkubwa ili rota ikae katikati kabisa, na mara nyingi sumaku hutiwa nguvu baada ya mota kuunganishwa, rota ikiwa tayari ndani.

Hilo la mwisho ndilo lenye hatari isiyoonekana. Rota ikiwa ndani, nguvu ya sumaku inapita kwenye chuma karibu njia nzima: inatoka kikombe kimoja, inaruka kale kapengo, inazunguka kwenye stata, inarudi kikombe cha pili. Ukiichomoa, njia ya chuma inakatika na sumaku inalazimika kusukuma nguvu yake hewani. Hewa ni mzigo mzito kwake. Baadhi ya sumaku, zikishabeba mzigo huo hata kwa sekunde moja, hushuka na hazirudi zilikokuwa, hata ukiirudisha rota mara moja. Aina ya alniko (mchanganyiko wa alumini, nikeli na kobalti) ndiyo inayoumia zaidi. Neodimiamu inavumilia vizuri zaidi, lakini ilianza kutengenezwa miaka ya 1980, hivyo mota iliyotoka kwenye mashine ya zamani kuliko hapo haina. Na kwa macho huwezi kujua uliyoshika ni ipi.

Hatua ya 1: Zima, kisha egemeza

Zima mashine na uchomoe plagi ukutani. Kwenye CNC, kabla hujafanya lolote, weka gogo la mbao chini ya kichwa kinachopanda na kushuka. Mota ya stepa inashikilia mzigo hasa kwa umeme. Ukizima, au ukifungua kiungio cha shafti, kichwa chenye mota ya kukatia kinaweza kuteremka na kukupondea mkono. Hili linaumiza watu kuliko yote mengine niliyoandika hapa.

Subiri dakika kadhaa. Kapasita za kisanduku cha umeme hubaki na chaji, na usifungue kisanduku chenyewe, kwa sababu ndani yake kuna volti 230.

Hatua ya 2: Chomoa plagi ya mota umeme ukiwa umekatwa

Usichomoe kamwe waya wa mota draiva, kile kifaa kinachoipa mota mkondo, ikiwa imewashwa. Koili ikikatiwa mkondo ghafla hurusha volti kubwa kurudi kwenye draiva, na draiva ndogo kama A4988 hufa papo hapo. Vivyo hivyo, usizungushe shafti kwa kasi mota ikiwa bado imeunganishwa: stepa inayozungushwa kwa mkono ni jenereta. Watu wanasukuma meza ya printa kwa haraka na taa za bodi zinawaka, wanafurahi. Hiyo si dalili ya kufurahia.

Hatua ya 3: Isikilize kwa vidole

Nyaya zikiwa zimetengana, zungusha shafti polepole. Mota nzima inakupa vikwazo vidogo vidogo laini, vinavyofanana mzunguko mzima. Huo ni mvuto wa sumaku, si ubovu. Sasa gusanisha nyaya mbili za koili moja (jinsi ya kuzipata iko hatua ya 4) na uzungushe tena: lazima iwe nzito zaidi. Ikiwa ni nzito hata nyaya zikiwa zimeachana, huenda koili imegusana yenyewe kwa ndani. Ikiwa inakwaruza sehemu moja tu ya mzunguko, kuna unga wa chuma kwenye pengo au shafti imepinda. Ikiwa inanguruma kama mchanga mzunguko wote, hapo beringi inashukiwa kwa haki.

Shika shafti uitikise pembeni. Haitakiwi kucheza kabisa. Kwa kuisukuma na kuivuta kwa nguvu itasogea kidogo sana na kurudi, kwa sababu nyuma ya beringi kuna shimu, pete nyembamba ya chuma, yenye mawimbi inayofanya kazi ya springi. Fundi mgeni huona kule kusogea akadhani beringi imekwisha.

Hatua ya 4: Multimita

Weka kwenye omu. Kwanza gusanisha ncha za multimita zenyewe usome upinzani wa nyaya zake, maana koili nyingi za stepa ni omu chache tu, na nusu omu ya nyaya za kipimo inaweza kukudanganya. Mota ya nyaya nne ina koili mbili. Tafuta jozi zake: nyaya mbili zinazosomana ni koili moja. Koili zote mbili zisome sawa. Moja ikisoma 1.6 na nyingine 0.9, hiyo yenye 0.9 imegusana ndani. Ikisoma hakuna kitu kabisa, waya umekatika, na hapo pima mara ya pili ukiwa karibu kabisa na mwili wa mota, ukiiruka kebo. Kisha pima kila waya na mwili wa chuma wa mota: pasiwe na njia yoyote.

Mota ya nyaya sita ina waya wa katikati kwenye kila koili. Kutoka katikati hadi mwisho utasoma nusu ya mwisho hadi mwisho.

Ukiwa unapima, mwenzako apinde kebo kidogo kidogo kuanzia plagi hadi mota. Namba ikirukaruka, umepata ugonjwa, na dawa yake ni kebo mpya.

Hatua ya 5: Zibadilishane

Umeme ukiwa umekatwa, peleka mota inayoshukiwa kwenye draiva ya mhimili mwingine. Ubovu ukihama pamoja na mota, mota ndiyo. Ubovu ukibaki pale pale, ni draiva, plagi au mipangilio ya programu. Jaribio hili halichukui dakika 10, na limeokoa mota nyingi mikononi mwangu tangu ile ya Keko.

Hatua ya 6: Vya nje

Skrubu ndogo inayobana puli kwenye shafti hulegea, na puli inayoteleza hutoa makosa yaleyale ya mota inayopoteza hatua. Piga mstari wa kalamu kwenye puli na shafti, washa mashine dakika kumi, tazama kama mstari umeachana. Angalia kiungio, mkanda, na kama reli zina uchafu.

Joto nalo linasingiziwa. Stepa iliyotulia inakula mkondo karibu sawa na inayofanya kazi, kwa hiyo kuwa ya moto ni tabia yake. Mwili wa mota nyingi unaruhusiwa kufika karibu nyuzi 80, na mkono wa binadamu unakataa kabla ya hapo. Ikiwa imepita hapo, punguza mkondo kwenye draiva. Usiikimbilie na bisibisi.

Sasa, kama bado unataka kufungua

Sababu ninayoikubali ni moja: beringi mbovu, iliyothibitishwa, kwenye mota ambayo mbadala wake hapatikani. Koili iliyoungua si sababu. Ninawaheshimu mafundi wa kusuka mota, kazi yao imefufua pampu za vijiji vizima, lakini nguzo za stepa zimesukwa kwa waya mwembamba kwenye vikombe vya plastiki, zikipishana mwelekeo, ndani ya tundu ambalo tone moja la vanishi likibaki linakwaruza rota. Muda utakaotumia ni wa thamani kuliko mota.

Usifungue kabisa mota yenye kisoma-mzunguko mgongoni. Ile diski au kile kisumaku cha nyuma kimepangwa na rota kiwandani. Kikihama, draiva yake itasoma uongo na mota itaruka au kutetemeka bila mpangilio. Na vile vimota vidogo vya mviringo vya volti 5 vyenye gia za plastiki, vinavyouzwa na vifaa vya wanafunzi, tupa ununue kingine.

Hatua ya 7: Pima sumaku kabla ya kuigusa

Hii ndiyo hatua ninayokusihi usiiruke, kwa sababu bila hiyo hutajua kama umeiumiza. Bana mwili wa mota kwenye jiliwa. Funga shafti kwenye drili ya kuchajia, gia ya polepole. Weka multimita kwenye volti za AC, iunganishe na koili moja, nyaya nyingine ziwe wazi na zimetengana. Bonyeza drili hadi mwisho ili kasi isibadilike, soma volti, andika. Rudia koili ya pili. Usiguse ncha zilizo wazi, baadhi ya mota hutoa volti za kushtua.

Volti hizo zinafuata nguvu ya sumaku moja kwa moja. Koili mbili zikitofautiana sana, moja imegusana ndani na kufungua hakutasaidia. Andika namba hizo kwenye mwili wa mota kwa kalamu isiyofutika, pamoja na drili uliyotumia, na betri yake iwe imejaa.

Hatua ya 8: Meza

Ondoka kwenye meza ya kunolea na kusagia. Rota ikiwa wazi inavuta kila chembe ya chuma iliyo karibu, nazo zinaingia katikati ya meno. Hewa ya kompresa haizitoi, inazihamisha tu. Tandika karatasi nyeupe mpya, futa zana kwa kitambaa, na uwe na selotepu pana. Chembe hutolewa kwa kubandika selotepu na kubandua, mara nyingi, ukibadilisha kipande.

Mwenzako mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikae na wewe meza moja. Saa ya mkononi na kadi za benki ziweke mbali.

Petroli na thina zisiwepo kabisa. Thina inalainisha vanishi ya koili, na hatari ya petroli unaijua.

Hatua ya 9: Kifuniko cha nyuma tu

Kwa sindano ngumu piga mstari mmoja unaovuka kifuniko cha mbele, stata na kifuniko cha nyuma. Vipande hivyo vitatu lazima virudi vilivyokuwa, kwa sababu vililinganishwa pamoja. Ukikigeuza kifuniko robo duara kitafunga vizuri, na rota itakuwa nje ya katikati.

Legeza skrubu nne ndefu kwa kuvukanisha, yaani pembe moja kisha ile inayoikabili, kila moja kidogo. Kwenye NEMA 17 ni M3 na zimeingia kwenye alumini, hivyo ukilazimisha utaondoka na uzi wake. Vuta kifuniko cha nyuma peke yake. Tazama ile shimu yenye mawimbi: inaweza kubaki kwenye kifuniko au kudondoka. Piga picha jinsi ilivyokaa.

Acha rota ndani. Siri ya kazi nzima ni hiyo. Kifuniko kikitoka, rota itaegemea upande mmoja wa stata kwa kishindo kidogo. Iache hivyohivyo na usiizungushe, meno yatakwaruzana. Ukiivuta nje itakuponyoka, itarudi kwa nguvu, na ama utabana kidole ama utang'oa ncha ya jino. Jino lililomeguka halitengenezeki.

Hatua ya 10: Beringi ya nyuma, kisha ya mbele

Beringi ya nyuma mara nyingi imekaza kwenye shafti na imelegea kwenye kifuniko, kwa hiyo unaweza kuivuta rota ikiwa bado ndani. Tumia pula ndogo yenye kucha nyembamba. Skrubu ya pula inasukuma shafti huku kucha zikivuta beringi, nguvu zinamalizana zenyewe na rota haiendi popote. Namba ya beringi imeandikwa ubavuni. Nunua yenye namba hiyohiyo.

Usipige nyundo. Pigo kwenye shafti linaweza kusogeza vikombe vya rota, na beringi mpya inaumia kabla haijazunguka hata mara moja. Usitumie moto wala bomba la hewa ya joto pia: neodimiamu za kawaida huanza kupoteza nguvu karibu nyuzi 80, na moto wa gesi unapita hapo ndani ya pumzi chache.

Kuingiza mpya, tafuta bomba dogo linalogusa duara la ndani la beringi tu. Egemeza ncha ya pili ya shafti, usiegemeze mwili wa mota, kisha ubane polepole kwa jiliwa. Beringi ikiingia kwa kusukumwa duara la nje, gololi zake zinaacha vishimo, na utasikia mngurumo uleule uliokuja kuutibu.

Rudisha kifuniko cha nyuma na skrubu zake, hakikisha rota inazunguka, ndipo ufungue cha mbele kwa njia hiyohiyo. Vifuniko viwili visiwe wazi kwa pamoja hata dakika moja. Kama kwenye mota yako cha mbele hakitoki bila rota kutoka nacho, simama hapo na uridhike na beringi moja.

Hatua ya 11: Kufunga

Linganisha mistari. Kaza skrubu kwa kuvukanisha, robo mzunguko kila moja, na baada ya kila raundi zungusha shafti kwa vidole. Ikianza kugoma, legeza ile uliyoikaza mwisho, gonga kifuniko kwa mpini wa mbao wa bisibisi, jaribu tena. Mota iliyofungwa vizuri inakupa vile vikwazo laini vya hatua ya 3, vinavyofanana mzunguko mzima. Ukisikia mkwaruzo hata mwembamba, fungua na urudie selotepu. Usijiambie utaisha wenyewe. Chembe moja inayosagwa kwenye pengo la milimita 0.05 inazaa nyingine.

Hatua ya 12: Drili tena

Drili ileile, gia ileile, betri imejaa. Soma volti za koili zote mbili uzilinganishe na ulizoandika kwenye mwili. Zikiwa karibu sawa, irudishe kwenye mashine, iendeshe mwendo mdogo bila mzigo kwa nusu saa, kisha uipe kazi kwenye ubao wa bei ndogo kwanza. Zikiwa zimeshuka kutoka 10 hadi 7, sumaku imepoteza karibu theluthi, na hakuna mkondo utakaouongeza kwenye draiva ukaifidia bila kuichoma mota. Mota hiyo usiirudishe kwenye CNC ya mteja. Iandike namba zote mbili na tarehe, uiweke kwenye kazi nyepesi kama kusukuma mkanda mdogo, na mteja umwambie ukweli siku hiyohiyo, kabla hajaweka mninga wake mezani.